Pikapu ya Bi Chausiku na Mteremko wa Uzalendo

Nchi yetu ya Neemani haimo kwenye ramani nyingi, na sababu tumeelezwa: wachora ramani wa mataifa makubwa wanatuonea wivu. Mimi naamini. Naamini karibu kila ninachoelezwa na serikali yangu, na kwa sababu hiyo nilikuwa mtu mwenye usingizi mzuri, mpaka mwaka ule jirani yangu Bi Chausiku Malembeka aliponunua pikapu.

Bi Chausiku anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu, hapa mjini Kilimachema. Kazi yake ni kupika kwenye shughuli. Harusi, hitima, kipaimara, kuapishwa kwa wakuu wa idara, kote huko pilau ni yake. Ni mwanamke mnene kiasi, mwenye sauti ya chini na mikono isiyotulia. Hata akiwa kibarazani anazungumza na wewe, vidole vyake vinachambua mchele ambao haupo. Kwa miaka mingi alibeba masufuria yake kwa mikokoteni ya kukodi. Kilimachema ni mji wa vilima, na mara nyingi mikokoteni ilifika harusini wakati bibi harusi ameshaanza kuizoea ndoa. Ndipo yeye na mumewe, Mzee Saburi, wakakusanya akiba yao ya uzeeni na kuamua kununua gari.

Walichagua wakati mzuri. Serikali ilikuwa imetangaza Mwaka wa Mnunuzi, na mabango yalibandikwa mpaka kwenye milango ya vyoo vya soko: MNUNUZI NI MFALME. Wachache wetu tulikumbuka kwamba wafalme wa Neemani tuliwapindua na kuwatia ndani, lakini hatukuona uhusiano wowote.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na kibali cha kuingiza magari nchini, naye ni Bwana Fedelis Kombora. Serikali ilifafanua kwamba wauzaji wengi wangemchanganya mnunuzi. Bwana Kombora huyo huyo alikuwa Mwenyekiti wa Baraza la Haki za Mnunuzi, ili malalamiko yasipate taabu ya kusafiri.

Siku ya kununua nilikwenda nao yadi, maana Mzee Saburi aliniomba niwe shahidi.

"Hili," alisema Bwana Kombora, akiupapasa mlango wa pikapu moja ya kijani, "lilikuwa la mwalimu mmoja wa kike huko ng'ambo. Mcha Mungu sana. Alikuwa akienda nalo kanisani tu."

"Na siku nyingine?" aliuliza Bi Chausiku.

"Siku nyingine alikuwa anasali nyumbani."

"Sasa huku nyuma alikuwa anabeba nini?"

"Biblia," alisema Bwana Kombora.

Mzee Saburi, ambaye ni mtu wa maneno machache, aliinama akachungulia chini ya gari, akainuka akijipangusa magoti. "Breki zikoje?"

"Mzee wangu, mwalimu yule hajagonga hata kuku."

Mimi nilitikisa kichwa kukubali, kwa kuwa nilikuwa shahidi. Wakalipa, wakapewa ufunguo na kalenda yenye picha ya Bwana Kombora akicheka.

*

Jumamosi iliyofuata palikuwa na harusi ya binti wa Mkuu wa Wilaya. Ili kufika ukumbini ni lazima ushuke Mteremko wa Uzalendo, ambao zamani uliitwa Mteremko wa Mbuzi kwa sababu ni mbuzi tu walioushuka bila kuanguka. Bi Chausiku alishika usukani. Mzee Saburi alikaa nyuma, akiwa ameyakumbatia masufuria ya pilau na mchuzi yasije yakamwagika.

Mimi nilikuwa dukani pale katikati ya mteremko. Niliiona pikapu ikitokea juu, ikija taratibu, halafu ikija vizuri, halafu ikija vibaya. Bi Chausiku alikuwa ameung'ang'ania usukani, mdomo wazi, hakuna sauti. Baadaye aliniambia: "Nilikanyaga breki, mguu ukaenda mpaka chini kama nimekanyaga uji." Akavuta breki ya mkono, ikang'oka na kubaki mkononi. Alipoona mbele yake watoto wa shule wanavuka, aliikata pikapu kushoto, akaipeleka kwenye rundo la mchanga lililoachwa pale tangu ujenzi wa barabara uanze.

Yeye alitoka na jeraha kwenye paji la uso. Mzee Saburi alirushwa nje, na sufuria kubwa ikamfuata. Mguu ulivunjika chini ya goti, na mchuzi wa moto ukambabua kuanzia kifuani mpaka begani. Tulipomfikia alikuwa anatazama juu, anauliza kwa utulivu kabisa, "Mama Tausi yuko wapi? Mama Tausi mzima?" Tausi ni binti yao, ameolewa mbali. Bi Chausiku alikuwa amepiga magoti pembeni yake, anamwondolea punje za wali usoni moja moja, kama mtu anayechambua.

Kesho yake gazeti la serikali liliandika: WANANCHI WAFAIDI PILAU YA BURE, MWAKA WA MNUNUZI WAPAMBA MOTO.

*

Fundi wa gereji aliifungua pikapu, akachungulia, akaita wenzake nao wakachungulia. Paipu ya mafuta ya breki ilikuwa imekatika zamani, ikaungwa kwa gundi, kisha ikapakwa rangi nzuri ili isionekane. Kwenye tambarare ilishika. Kwenye mteremko, ukiikanyaga kwa nguvu, gundi inaachia.

"Tubadilishe paipu basi," alisema Bi Chausiku.

"Mama, vipuri hakuna. Bwana Kombora haleti vipuri. Anasema kuleta vipuri ni kuyatukana magari."

Bi Chausiku akaenda yadi. Bwana Kombora alimpokea vizuri, akampa soda, akasikitika mguu wa Mzee. Kisha akafungua dhamana ya gari na kumsomea kwa sauti ya padri. Dhamana ilianza kufanya kazi siku gari lilipotengenezwa kiwandani, na ilikoma pale mnunuzi anapoliwasha kwa mara ya kwanza.

"Kwa hiyo ningelinunua nisiliwashe," alisema Bi Chausiku.

"Ungekuwa na haki zako zote mpaka leo."

"Ningelipelekaje nyumbani?"

"Hilo ni suala la usafiri, mama yangu. Mimi nauza magari."

Kutoka hapo akaenda Ofisi ya Haki za Mnunuzi, jengo zuri lenye ngazi nyingi. Nilimsindikiza, maana tangu ajali ile alikuwa hawezi kukaa peke yake, na mimi nilitaka kuona serikali yangu ikifanya kazi. Mkurugenzi alikuwa Daktari Audifasi Lugome. Daktari wa nini, hatukuwahi kuambiwa, lakini alikuwa na miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani.

Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungamanisha vidole.

"Mama, kwanza nikupe pole. Pili, nikuelimishe. Sheria inasema mnunuzi ni mtu anayekusudia kununua. Wewe umekwishanunua. Wewe si mnunuzi tena, wewe ni mmiliki. Haki za wamiliki ziko Wizara ya Ardhi."

"Nilipokuwa bado sijanunua ningelalamikia nini?"

"Chochote. Mlango ulikuwa wazi."

Bi Chausiku hakunyanyuka. Vidole vyake vilikuwa vikichambua ukingo wa khanga. "Daktari, mume wangu amelala na mguu umefungwa chuma. Mimi sitaki maneno ya sheria. Nataka mtu mmoja wa serikali aje alitazame gari lile, aseme kwa mdomo wake kama ni zima au bovu."

Daktari alikubali papo hapo, na mimi nilimtazama Bi Chausiku kumwonyesha kwamba nilimwambia. Pikapu ilikokotwa mpaka uani kwa ofisi, mahali tambarare kama sinia. Daktari alikuja na maofisa wake, wakiwa wamevaa makoti meupe. Gari likaoshwa. Ofisa mmoja akaingia, akakanyaga breki huku gari limesimama, na gari likaendelea kusimama. Wakapiga makofi. Daktari akatoa hati yenye muhuri: gari hili ni salama kwa matumizi yote ya Neemani.

"Lipandisheni kilimani," alisema Bi Chausiku.

"Kilima hakikuuzwa pamoja na gari," alisema Daktari Lugome, na kwa kweli hoja yake ilikuwa na uzito.

*

Nilidhani mambo yangeishia hapo. Bi Chausiku naye angepumzika, sisi tungelala. Lakini alirudi ofisini siku ya pili, na ya tatu, na wiki iliyofuata. Alikaa kwenye benchi la mapokezi na kumsimulia kila aliyeingia. Wengine nao walikuwa na magari kutoka yadi ile ile. Mmoja gari lake lilifungua milango lenyewe likikata kona. Mwingine, mwalimu wa sekondari, la kwake liliacha tairi barabarani na kuendelea na safari. Benchi likajaa. Watu waliokuja kulalamikia unga na sabuni wakakosa pa kukaa.

Alasiri moja Bwana Kombora na Daktari Lugome walikuja nyumbani kwake, wote wawili, na kikapu cha matunda. Mimi nilikuwa uani nikimsaidia Mzee Saburi kujifunza magongo, na ukuta wa nyumba ile ni mwembamba.

"Dada yangu," alisema Bwana Kombora, ambaye yadi alikuwa akimwita mama, "futa malalamiko. Andika tu kwamba umeridhika. Nitakusaidia matibabu ya shemeji yangu."

"Kwa nini sasa?"

Daktari alijibu, kwa sauti ya mtu anayetoa habari njema. Serikali ilikuwa inataka kununua magari ya wagonjwa kwa ajili ya wilaya zote za milimani. Pikapu zile zile, zitapakwa rangi nyeupe na kuwekwa ving'ora. Zilikuwa tayari ziko njiani. Kilichobaki ni hati kwamba hakuna mnunuzi yeyote aliyelalamika.

Mzee Saburi alisimama kwenye magongo yake, ananitazama bila kupepesa.

"Zitabeba wagonjwa," alisema Bi Chausiku polepole. "Huko milimani. Na akina mama wenye uchungu."

"Ni maendeleo makubwa," alisema Daktari.

"Chukueni matunda yenu."

"Dada yangu, fikiria."

"Nimefikiria. Mimi nilikuwa usukani, mume wangu nyuma. Niliuona uso wake kwenye kioo wakati gari linashuka. Alikuwa ananiangalia mimi, ananiamini nitasimama. Chukueni matunda yenu mwende."

Walipotoka, Mzee Saburi alijikongoja mpaka mlangoni. "Mama Tausi," alisema, "ungechukua angalau mananasi." Akacheka, na Bi Chausiku akacheka, halafu Bi Chausiku akalia. Mimi nikarudi kwangu. Usiku ule sikulala, na sikuelewa kwa nini, kwa sababu serikali ilikuwa imesema hali ni shwari.

*

Wiki hiyo hiyo Bi Chausiku akakamatwa. Mashtaka yalikuwa mawili. La kwanza, kuendesha gari bovu huku akijua ni bovu, ushahidi ukiwa malalamiko yake mwenyewe. La pili, kuudanganya umma kwamba gari zima ni bovu, ushahidi ukiwa hati ya Daktari Lugome.

Kesi ilipangiwa Hakimu Nyamizi Kasanda, mwanamke mwembamba aliyehamishiwa kwetu kutoka makao makuu kwa kosa la kusoma mafaili mpaka ukurasa wa mwisho. Mahakama ilijaa. Watu wa benchi la mapokezi walikuja wote, na wauguzi wa hospitali ya wilaya waliokuwa wamesikia habari za magari ya wagonjwa walikuja na sare zao.

Hakimu alisoma mashtaka mara mbili, akamtazama mwendesha mashtaka, kijana mwenye suti iliyombana.

"Bwana mwendesha mashtaka. Gari hili ni bovu au ni zima?"

"Mheshimiwa, inategemea shitaka."

"Haliwezi kuwa yote mawili. Serikali ichague."

Mwendesha mashtaka aliomba muda wa kushauriana. Alitoka nje, akapiga simu akiwa amesimama wima kama anayeimba wimbo wa taifa, akarudi amelowa jasho.

"Mheshimiwa, serikali imechagua yote mawili."

Watu walicheka, karani akawanyamazisha. Hakimu hakucheka. Alimgeukia Bi Chausiku kizimbani.

"Mshtakiwa, una la kusema?"

"Ninalo moja, Mheshimiwa. Gari bado lipo. Mteremko bado upo. Twendeni."

Hakimu alifunga faili. "Kama gari ni zima, shitaka la kwanza limekufa. Kama ni bovu, la pili limekufa. Mahakama inahamia Mteremko wa Uzalendo."

Sijawahi kuona kitu kama kile. Mji mzima ulipanda kilima. Mbele alitembea Hakimu akiwa ameshika joho lake lisiburuzike, nyuma yake karani na muhuri, kisha maofisa, kisha sisi. Pikapu ilivutwa kwa kamba na lori mpaka juu kabisa, ikawekewa mawe kwenye magurudumu. Kutoka pale ukitazama chini unaona barabara imenyooka mpaka kwenye ukuta wa ofisi za Chama. Rundo la mchanga lilikuwa limeshazolewa.

Hakimu aliichukua hati ya Daktari Lugome, akaisoma kwa sauti. Salama kwa matumizi yote ya Neemani.

"Hapa ni Neemani?" aliuliza.

"Ndiyo, Mheshimiwa," alijibu Daktari.

"Kushuka mteremko ni matumizi?"

"Kwa maana pana, ndiyo."

"Basi ingia, ushuke nalo."

Daktari Lugome alivua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani. "Mheshimiwa, mimi ni mtu wa sera. Utekelezaji una watu wake."

Hakimu akamgeukia Bwana Kombora. Bwana Kombora alisema angefurahi sana, tena amelikumbuka gari lile, isipokuwa magoti yake siku hizo yalikuwa hayakunjiki. Alisema hivyo akiwa amechuchumaa kivulini. Mwendesha mashtaka aliulizwa naye. Alisema ana watoto wadogo.

"Mshtakiwa naye ana watu," alisema Hakimu, na akaandika kitu.

Hapo ndipo Bi Chausiku alipoomba ruhusa ya kusema. Alikuwa ameegemea mlango wa pikapu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, mikono yake ilikuwa imetulia.

"Mheshimiwa, tusiwasumbue. Usukani nitashika mimi. Nataka mmoja wao tu, yeyote, akae pale nyuma alipokaa mume wangu. Nitashuka naye. Kama nina uongo, tutafika chini salama, na mimi nitakwenda jela bila kukata rufaa."

Akafungua mlango, akaingia, akakaa. Akashika usukani. Karani alinong'ona kwamba haya sasa si utaratibu. Hakimu akaendelea kuandika.

Sote tuligeuka kuitazama ile bodi ya nyuma. Ilikuwa imebonyea upande mmoja, na mahali pengine rangi ilikuwa imebabuka kwa mchuzi. Mzee Saburi alisimama kando kwenye magongo yake. Alinyoosha tu gongo moja kuelekea nyuma ya gari, kama mwenyeji anayemkaribisha mgeni kitini.

Upepo ulikuwa mkali pale juu. Bwana Kombora alimtazama Daktari, Daktari akatazama viatu vyake, mwendesha mashtaka akaanza kurudi nyuma taratibu mpaka akamkanyaga muuguzi. Bi Chausiku alikuwa anangoja, macho yakiwa kwenye kioo.

"Toeni mawe," alisema.

"Nalinunua," alisema Bwana Kombora.

Hakimu aliinua kichwa. "Unasemaje?"

"Gari. Nalinunua tena. Kwa bei ile ile. Leo."

"Kwa nini, na wewe umesema ni zima?"

"Kwa mapenzi tu, Mheshimiwa."

"Na hospitali ya mzee?"

"Hiyo pia ni mapenzi."

Muuguzi aliyekanyagwa, mama mmoja mrefu wa wodi ya wazazi, akapaza sauti kutoka nyuma. "Na yale ya wagonjwa yaliyoko njiani?"

"Yale hayana shida," alisema Bwana Kombora, ambaye sasa alikuwa amechanganyikiwa. "Mle mgonjwa analala chali. Hataona mbele."

Nadhani hakukusudia kusema hivyo. Lakini alisema, na watu walisikia, na kilima kizima kilinyamaza kwa namna ambayo haikunipendeza. Madereva wa hospitali walikuwa pale. Mmoja wao alitoa kofia yake ya kazi, akaiweka chini barabarani, akaanza kushuka kwa miguu. Wenzake wakafanya vivyo hivyo.

*

Mashtaka yote mawili yalifutwa. Bi Chausiku alirudishiwa chake, na Mzee Saburi akatibiwa. Anachechemea mpaka leo, ila anatembea. Pikapu za wagonjwa zilifika zikiwa nyeupe na ving'ora, zikakosa dereva hata mmoja wa kuzipandisha milimani, zikaegeshwa nyuma ya bohari ambako kuku wanataga. Daktari Lugome alizitangaza kuwa ushindi mkubwa wa Mwaka wa Mnunuzi, kwa kuwa hazijawahi kupata ajali. Bwana Kombora alipewa nishani. Hakimu Kasanda alipandishwa cheo na kupelekwa wilaya isiyo na barabara, ambako hakuna kesi za magari.

Serikali ilidhani yameisha. Hata mimi nilidhani.

Lakini watu wa Kilimachema walikuwa wameondoka na kitu pale kilimani. Siku chache baadaye, sokoni, mwanamke mmoja alipoambiwa kwamba maziwa ni ya leo, alimwambia muuzaji, "Kunywa wewe kwanza." Muuzaji akayamwaga. Mfamasia akaambiwa ameze. Mwenye nyumba mpya ya ghorofa akaambiwa alale humo wiki moja na familia yake, akahamia kwa shemeji. Shuleni, wazazi walimwomba ofisa elimu awalete wanawe wasome kwenye madarasa aliyoyasifu. Popote ulipokwenda ulisikia neno hilo, kwa adabu, bila kelele: wewe kwanza.

Biashara ikayumba. Maofisa wakaanza kutembea kwa kupitia vichochoro. Hatimaye ikatoka amri kwamba neno "kwanza" limeondolewa katika lugha ya taifa kwa matengenezo, na atakayelitumia atashtakiwa. Mimi ni mtu wa kutii, nikaliacha. Wote waliliacha. Ikawa mtu akiuziwa kitu anamtazama tu muuzaji, anangoja.

Nimalizie na habari za daraja, kwa kuwa nilikuwepo.

Serikali ilikuwa imejenga daraja jipya juu ya Mto Mweusi, refu, lenye bendera pande zote mbili. Mkandarasi alikuwa Bwana Kombora. Waziri wa Maendeleo Yanayoonekana alikuja kulizindua, na Bi Chausiku alipewa kazi ya kupika, kwa sababu pilau yake haina mpinzani hata kwa watu wasiompenda. Masufuria yake yalibebwa kwa mikokoteni.

Waziri alihutubia muda mrefu. Alisema daraja hili litadumu kuliko milima. Akakata utepe, bendi ikapiga, akanyoosha mkono kuelekea ng'ambo ya pili na kusema, "Wananchi, piteni, ni mali yenu."

Hakuna aliyepita.

Tulikuwa wengi, tumejaa mpaka kwenye majani. Bi Chausiku alikuwa mbele kabisa na aproni yake, upawa mkononi, Mzee Saburi pembeni yake. Hakuna aliyesema neno, lile lililokatazwa wala lingine lolote. Tulimtazama tu Waziri. Mimi, ninayeipenda serikali yangu, niliiamuru miguu yangu itembee na ikakataa. Bendi ikapunguza sauti, kisha ikanyamaza. Waziri alimtazama Bwana Kombora. Bwana Kombora alimtazama Daktari Lugome. Daktari Lugome aliutazama mto.

Tulingoja. Vipande vya utepe vilipeperuka miguuni mwa Waziri. Akajisogeza mpaka penye ukingo, akachungulia, akarudi hatua moja nyuma, na akamuuliza msaidizi wake kwa sauti ndogo, ambayo wote tuliisikia kwa sababu kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa:

"Hapo chini maji yana kina gani?"